Mwalimu Mpya Asiachwe Peke Yake: Somo Kutoka kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle



Katika somo hili tunatazama jambo linalogusa parokia nyingi, hasa zile zenye vigango vya mbali: mwalimu kijana anapangiwa shule, anafika, anafundisha mwaka mmoja au miwili, kisha anaondoka. Wengine huhama. Wengine huacha ualimu kabisa, wakaenda kufanya biashara au kazi nyingine. Watoto hubaki na daftari zenye mada iliyoishia katikati.

Lengo la somo ni mambo matatu. Kwanza, tuelewe kwa nini mwaka wa kwanza wa ualimu huwavunja vijana wengi wenye nia njema. Pili, tujifunze kutoka kwa padre mmoja wa Ufaransa ambaye, zaidi ya miaka 300 iliyopita, alikabiliana na tatizo hilihili. Tatu, tuone sisi wa parokia na seminari tunaweza kufanya nini, kila mmoja kwa nafasi yake.

1. Hali ilivyo

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) limekadiria kwamba ili kufikia malengo ya elimu ya mwaka 2030, dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari. Kati yao, milioni 15 wanahitajika Afrika Kusini mwa Sahara. Kwa dunia nzima, wengi wa walimu hao hawahitajiki kwa sababu shule zimeongezeka tu. Wanahitajika kuziba nafasi za walioondoka. Shirika hilohilo linaonesha kwamba duniani kote kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kilipanda kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi karibu asilimia 9 mwaka 2022.

Maana yake ni rahisi kuielewa. Anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka hatafanikiwa kwa kuongeza kasi ya kuchota. Vyuo vinaweza kutoa wahitimu kila mwaka, na Serikali inaweza kutangaza ajira, lakini kama wanaoingia hawadumu, shule ya kijijini itaendelea kuwa na walimu wachache.

Nchini Tanzania tumepitia vipindi kadhaa vya kutafuta walimu kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kufundisha vijijini ili Elimu ya Msingi kwa Wote iwezekane. Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipoongezeka, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakapelekwa madarasani, na watu wakawabandika majina ya kejeli kama “vodafasta” na “yeboyebo”. Wengi wao walifanya kazi kubwa katika mazingira magumu. Kejeli ile haikumsaidia hata mmoja wao kufundisha vizuri zaidi. Ilimwambia tu kwamba jamii aliyotumwa kuihudumia haimwamini.

2. Mwaka wa kwanza ulivyo

Mithali yetu inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mpya mara nyingi hupewa jembe siku ya kwanza, kabla hata ya maji ya kunywa.

Tumfuate kwa hatua chache. Anaripoti halmashauri, anapewa barua, anapanda gari hadi mwisho wa barabara, kisha bodaboda. Nyumba ya mwalimu haipo, au ipo moja na anakaa mwalimu mkuu na familia yake. Anatafuta chumba. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taarifa zake zikiingizwa kwenye mfumo, na posho ya kujikimu inaisha. Anakopa dukani, na katika kijiji kidogo deni la mwalimu hujulikana na kila mtu, pamoja na wanafunzi wake.

Shuleni anakuta vipindi vingi. Kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kufika, hupewa vilivyobaki: darasa lenye watoto wengi kuliko yote, au somo ambalo hakulisomea. Anatakiwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa kila kipindi. Chuoni alifundisha kwa majaribio akiwa na mkufunzi nyuma ya darasa. Sasa nyuma ya darasa hakuna mtu, mbele yake kuna watoto themanini, na kelele zinapanda. Asipokuwa na wa kumwonesha njia nyingine ya kulituliza darasa, atakimbilia fimbo. Akishaizoea fimbo, hatajifunza tena njia nyingine kwa urahisi.

Haya yote anayapitia ndani ya miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Kwa hiyo anaogopa kuuliza. Anafikiri kwamba akisema “sijui kufundisha mada hii” ataandikwa kuwa hafai. Anajifungia. Tunapolinganisha matatizo haya yote, tunaona kwamba lililo chini ya mengine ni upweke. Njaa ya wiki mbili huvumilika kwa mtu mwenye jirani wa kumgongea mlango. Darasa gumu huvumilika kwa mtu mwenye mwenzake wa kumwuliza jioni, “Wewe hawa unawafanyaje?”

Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake, aliwatuma wawili wawili (Mk 6:7, Lk 10:1). Hakuwatuma hivyo kwa kuwa kazi ya mmoja ilihitaji mikono minne.

3. Padre wa Reims na walimu wake

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika familia yenye mali. Alikuwa bado kijana alipofanywa kanoni wa Kanisa Kuu la mji huo, cheo chenye heshima na mapato ya uhakika. Alipata daraja ya upadre mwaka 1678. Hakuwa na mpango wowote wa kushughulika na shule.

Mwaka 1679 mlei mmoja, Adrien Nyel, alifika Reims kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. De La Salle alimsaidia kupata parokia ya kuanzia. Shule zilifunguliwa haraka, moja baada ya nyingine. Nyel alikuwa hodari wa kuanzisha, lakini alikuwa safarini mara kwa mara kutafuta mahali pengine pa kufungua shule. Walimu vijana aliowaajiri walibaki bila wa kuwaangalia. Mafunzo yao yalikuwa kidogo, malipo yalikuwa duni, na kila mmoja alifundisha alivyoweza.

De La Salle aliona kwamba shule hazitasimama kama walimu hawasimami. Akaanza na jambo dogo: aliwapangia nyumba karibu na kwake. Kisha akawaalika wale chakula mezani kwake. Mwezi Juni 1681 akawaleta wakae naye nyumbani. Ndugu zake walikasirika sana, kwa kuwa katika jamii ya wakati ule mwalimu wa watoto maskini hakuwa mtu wa kuketi meza moja na kanoni. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwanzoni aliwahesabu walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba kama angejua mwanzo ule ungemfikisha wapi, asingeanza.

Jambo la kujifunza ni kwamba meza peke yake haikutosha. Pamoja na chakula, nyumba ile ilikuwa na ratiba kali ya sala na ukimya, karibu na ile ya monasteri. Wengi wa kundi la kwanza walishindwa, wakaondoka. Hata ukarimu unaweza kugeuka mzigo, mwenyeji akisahau kwamba mgeni wake anajifunza kutembea.

Waliokuja baada yao nao wakapata wasiwasi wa aina nyingine. Walijiuliza: tukizeeka au tukiugua, tutakula nini? De La Salle aliwahimiza wamtegemee Mungu anayewalisha ndege na kuyavika maua ya kondeni. Walimu wakamjibu kwa ukweli mchungu: ni rahisi kwako kusema hivyo, wewe una ukanoni wako na mali ya familia, shule zikifungwa, sisi tutabaki barabarani.

Hakuwakemea. Alikwenda kuomba ushauri, hasa kwa mtawa Nicolas Barré, ambaye leo Kanisa linamheshimu kama Mwenye Heri. Mwaka 1683 alijiuzulu ukanoni, na nafasi hiyo akampa padre maskini badala ya ndugu yake. Njaa ilipoikumba Reims, miaka ya 1684 na 1685, aligawa mali yake kama mkate kwa maskini. Tangu hapo alipozungumza na walimu juu ya kumtegemea Mungu, alizungumza kama mmoja wao.

Kutoka kundi lile lilitokea Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristu. Alipofariki mwaka 1719, mabruda walikuwa karibu 100. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote, na sikukuu yake ni tarehe 7 Aprili.

4. Alivyowalea walimu wapya

Yapo mambo matatu katika njia yake yanayotufaa moja kwa moja.

Kwanza, mabruda hawakutumwa mmoja mmoja. Vijiji ambavyo havikuweza kutunza mabruda wawili havikupewa mmoja. Badala yake, De La Salle alianzisha Reims nyumba ya kuwaandaa walimu walei wa vijijini, watu ambao wangefanya kazi wakiwa peke yao. Alijua kwamba anayekwenda peke yake anahitaji maandalizi zaidi.

Pili, njia ya kufundisha iliandikwa na walimu wenyewe. Kitabu cha uendeshaji wa shule zao kilitokana na mazungumzo ya miaka mingi kati ya mabruda wenye uzoefu, wakijaribu, wakirekebisha na wakijaribu tena. Mwalimu mpya alipokea hekima ya wenzake. Hakuanza sifuri.

Tatu, alikuwapo mtu mwenye jukumu la kumlea mwalimu mpya. Maelekezo ya mabruda yalimtaka mlezi huyo afanye kazi mbili: kumwondolea mwalimu mpya yale asiyopaswa kuwa nayo, na kumpa yale anayokosa. Kati ya mambo ya kuondoa, yalitajwa kuongea kupita kiasi, ukali, upendeleo, na pia kukata tamaa. Tuliangalie hilo la mwisho. Kukata tamaa kulihesabiwa kuwa jambo la kawaida kwa mwalimu mpya, ambalo mlezi anapaswa kulitazamia na kumsaidia alivuke. Hakikuwa kisingizio cha kumfukuza.

5. Tahadhari juu ya neno “wito”

Mara nyingi tunasema ualimu ni wito. Tunasema kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, unauita hivyo, tena unadai maandalizi ya uangalifu mkubwa. Lakini neno hili linaweza kutumika vibaya. Mwalimu akiuliza kuhusu mshahara wa miezi miwili, anaambiwa ualimu ni wito. Akiomba mkataba wa maandishi, anaambiwa ualimu ni wito. Hapo neno takatifu limekuwa kifuniko cha deni.

Walimu wa Reims walimwonesha padre wao tofauti hiyo. Wito haufuti haki. Tangu waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba ujira wa haki ni deni la mwajiri, haugeuki kuwa hisani. Shule inayobeba jina la mtakatifu inapaswa kulipa kwa wakati, kupeleka michango ya mwalimu katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na kumpa mkataba anaoweza kuusoma na kuuelewa. Shule binafsi nyingi, za Kanisa zikiwamo, hupoteza walimu ghafla katikati ya muhula ajira za Serikali zinapotangazwa. Kabla ya kuwalaumu vijana hao kwa kukosa uaminifu, inafaa kuuliza ni usalama gani waliokuwa wanaufuata.

6. Parokia inaweza kufanya nini

Kabla hajafika. Mwenyekiti wa kigango na mwalimu mkuu wazungumze mapema. Chumba kipatikane, kitanda, ndoo ya maji, na mtu wa kumpokea anaposhuka. Ukarimu huu usiulize dini. Mwalimu Mwislamu au Mlutheri atawafundisha watoto wetu hesabu ileile.

Mwezi wa kwanza. Familia mbili au tatu za Jumuiya zimpe mahali pa kula mpaka mshahara uingie, na lifanyike kwa siri njema, bila tangazo kanisani. Wakati huohuo, tumwepushe na vyeo. Katika vigango vingi mwalimu mpya akionekana tu Misani, Jumapili inayofuata amekuwa katibu wa kigango, mwalimu wa kwaya na mlezi wa Utoto Mtakatifu. Tumwache amalize angalau muhula mmoja. Tukumbuke walioikimbia nyumba ya De La Salle.

Muhula wa kwanza. Shule impe mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye uzoefu na moyo mpole. Mara moja kwa wiki mlezi akae darasani kwake dakika arobaini, na mara moja mwalimu mpya akae katika darasa la mlezi. Baada ya hapo wazungumze mambo mawili tu: lililokwenda vizuri, na moja la kurekebisha. Mazungumzo hayo yasiingie katika taarifa ya kumthibitisha kazini, la sivyo hatasema kweli. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unawakutanisha walimu shuleni kujifunza pamoja, na vikao hivyo ni nafasi nzuri ya kumweka mwalimu mpya kati ya wenzake. Pale shule inapoweza, apunguziwe vipindi vichache, na darasa lililowashinda wakongwe asitwishwe yeye.

Mwisho wa mwaka. Mwalimu mkuu, au padre katika shule ya parokia, aketi naye amwulize swali moja: ni lini ulikaribia kuondoka, na ni nini kilikubakiza? Majibu ya miaka mitatu yatafundisha shule kuliko semina nyingi.

Hapa huwa tunasikia jibu la wakongwe: “Mbona sisi tulivumilia?” Ni kweli, na wanastahili heshima. Lakini anayesema hivyo ni yule aliyebaki. Waliokwenda hawapo chumba cha walimu kutoa ushuhuda wao. Tena tuseme wazi kwamba kumsaidia mwalimu abaki si kumfunga. Wapo watakaoondoka kwa sababu njema: ndoa, ugonjwa wa mzazi, masomo. Tunachotaka ni kwamba asiwepo anayeondoka kwa kuwa hakuna aliyemwuliza habari yake.

7. Neno kwa mafrateri

Wengi wenu mtapangiwa kufundisha seminari ndogo au shule ya jimbo katika mwaka wa uchungaji. Mtakuwa walimu wapya, mara nyingi bila kusomea ualimu. Msione haya kuomba mlezi, na msione haya kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mlei mwenye uzoefu mkajifunza.

Siku moja baadhi yenu mtakuwa maparoko au wakuu wa shule. Siku hiyo mtaandika bajeti. Mstari wa nyumba ya walimu utashindana na mstari wa uzio, rangi ya kanisa na sherehe ya jubilei. Mkumbuke kwamba padre wa Reims hakuanza na jengo. Alianza kwa kuongeza sahani mezani, na walimu walipomwambia ukweli, akausikia.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya au darasani

1. Katika kigango au mtaa wetu, ni walimu wangapi wamefika katika miaka mitatu iliyopita? Wangapi bado wapo? Tunajua walioondoka waliondoka kwa nini?
2. Soma Mk 6:7-13. Kutumwa wawili wawili kunatufundisha nini juu ya kumpangia mtu kazi mahali pa mbali?
3. Ni lini neno “wito” linamtia mtu nguvu, na ni lini linamnyamazisha?
4. Je, yupo mwalimu mpya karibu nasi sasa? Nani atakwenda kumsalimu wiki hii, na atakwenda na nini?
5. Kwa mafrateri: ungekuwa mkuu wa shule, ni mambo gani mawili ungeyabadili kwanza katika kumpokea mwalimu mpya, na fedha zake ungezitoa wapi?

Tunashauri Jumuiya isifunge kikao kabla ya kuandika jina la mtu mmoja chini ya swali la nne.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, msimamizi wa walimu, utuombee.